Neno "run" na maana zake nyingi: mwongozo kamili kwa wanaofanya kazi na wageni Moshi

Anayepandisha wageni Kilimanjaro, anayekaa mapokezi katika hoteli ya Shanty Town, anayeuza batiki mjini na dereva anayewapeleka wageni uwanja wa ndege wa KIA, wote hukutana na neno "run" kabla siku haijaisha. Shuleni tuliambiwa maana yake ni kukimbia. Kisha mgeni anashuka asubuhi kunywa chai na kusema "My nose is running". Mwingine ameshika batiki mkononi anauliza "Will it run?" Wa tatu anakuja kaunta na taulo begani: "The hot water has run out." Hakuna anayekimbia hapo.

Maneno marefu ya Kiingereza, yale ya hospitali na mahakamani, mara nyingi yana maana moja. Ukishalijua umemalizana nalo. Mafupi ndiyo mazito. Moshi wako vijana wenye vyeti vya utalii, wanaotaja ndege na mimea kwa majina ya kitaalamu bila kusita, lakini mgeni akisema jambo jepesi kwa neno jepesi wanabaki wakitabasamu tu. Si uvivu wao. Walipewa neno kwa maana moja na somo likaishia hapo.

Mwongozo huu unakwenda kwa hatua, na msimamo wake ni mmoja: "run" halishikwi kwa kukariri orodha ya maana. Linashikwa kwa kutazama majirani zake, yaani kitu gani kinatenda na neno gani linafuata. Ukizoea kutazama hivyo, njia hiyohiyo itakusaidia kwa "get", "take", "set" na wenzao.

Hatua ya kwanza: pima ukubwa wa neno, kisha ukate kipande chako

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ndiyo inayohesabu maana kwa undani kuliko zote. Katika toleo lake la pili la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana 430 na maelezo ya takribani maneno 60,000. Wahariri walipofika herufi R katika kazi ya kuipitia upya kamusi hiyo, "run" likalipiku: mwaka 2011 ilielezwa kuwa likiwa kitenzi peke yake lina maana 645. Mhariri wake, Peter Gilliver, alitumia takribani miezi tisa kwa neno hilo moja.

Usiogope idadi hiyo. Nyingi ya maana hizo ni za mabaharia, za mafundi wa viwanda vya zamani, au ni tofauti ndogo mno ambazo hata Mwingereza mwenyewe hazitofautishi. Anayefanya kazi na wageni anahitaji kama ishirini au thelathini, na hata hizo hazihitaji zote. Dereva ana zake, mpishi wa mlimani ana zake, dobi ana zake. Anza na zile zinazoingia kwenye kazi yako, nyingine zije zenyewe.

Hatua ya pili: weka sawa sura zake na matamshi yake

Kitenzi hiki kina sura tatu tu za kukumbuka: "run" kwa sasa, "ran" kwa jana, na "run" tena inapokuja baada ya "have" au "has". Hakuna "runned". Katika "running" herufi n ni mbili.

Kwenye matamshi ndipo penye shida kubwa. Kiswahili kina irabu tano tu, hivyo midomo yetu hulitamka "run" na "ran" kwa sauti moja. Mgeni akisikia "I ran" na "I run" zikifanana, anashindwa kujua kama unasimulia jambo lililopita au mazoea yako. Kwa "run", toa "a" ya Kiswahili, fupi na iliyolegea, mdomo usifunguke sana. Kwa "ran", vuta midomo pembeni kana kwamba unataka kusema "e" lakini unatoa "a". Jizoeze kwa sentensi mbili kwa sauti: "I run every morning", "I ran yesterday". Fanya hivyo ukiwa njiani, fanya ukiosha vyombo. Mdomo hujifunza kwa kurudia, hauna njia nyingine.

Hatua ya tatu: tafuta kiini

Katika Kiingereza cha kale, tangu mwanzo, neno hili lilibeba mambo mawili pamoja: kukimbia kwa miguu na kutiririka kwa maji. Kijerumani, ambacho ni ndugu yake, kimeyagawa: "rennen" ni kukimbia, "rinnen" ni kutiririka. Kiingereza kiliyaacha pamoja. Ndiyo maana pua "runs", mto "runs" na bomba lililoachwa wazi "is running". Baadaye viwanda, reli na kompyuta vilipokuja, mitambo nayo ikapewa neno hilohilo, na hapo ndipo maana zilipoongezeka kwa kasi.

Kiini ni hiki: mwendo unaoendelea bila kukatika. Mguu unakwenda, maji yanakwenda, injini inakwenda, barabara inakwenda, biashara inakwenda, muda unakwenda. Lishike hilo na nusu ya kazi imekwisha.

Sisi tunalo neno linalolikaribia sana, nalo ni "endesha". Tunasema anaendesha gari, anaendesha duka, anaendesha mkutano. Tena mtu akishikwa na tumbo tunasema "anaendesha", na kila mtu anaelewa kuwa hakuna gari linalotajwa. Kiingereza nacho kinasema "run a shop", "run a meeting", na mwenye tumbo la kuhara "has the runs". Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia moja. Na anayeshangaa neno moja kubeba mizigo yote hiyo, akumbuke "piga": tunapiga simu, pasi, deki, kura, picha, mswaki, magoti, hodi na debe, na mtoto wa chekechea hachanganyi hata moja. Hachanganyi kwa sababu halisikii "piga" peke yake. Analisikia likiwa na mwenzake.

Hatua ya nne: uliza maswali matatu kila unapolisikia

Swali la kwanza: nani au nini kinafanya? Mtu akiwa ndiye mtendaji na hakuna kitu baada ya kitenzi, huenda kweli anakimbia. "She runs every morning" ni mtu wa mazoezi. Kikiwa ni kimiminika, kinatiririka. Ikiwa ni mashine, inafanya kazi. Ikiwa ni basi au treni, inasafiri kwa ratiba. Ikiwa ni njia, mpaka au ukuta, unapita mahali fulani.

Swali la pili: je, kuna kitu kinachoendeshwa? "He runs" na "He runs a hostel in Soweto" (Soweto ya hapa Moshi) zinatofautiana kwa maneno machache tu, lakini wa pili ni mwenye biashara. Kitu kinapofuata moja kwa moja, fikiria "endesha" au "simamia". Ila kuna vighairi vya kukumbuka: "run a fever" ni kuwa na homa, "run a bath" ni kufungulia maji ya kuoga yajae kwenye sinki la kuogea, "run errands" ni kuzunguka kwa shughuli ndogondogo kama benki, sokoni na posta.

Swali la tatu: neno gani dogo limeegemea hapo? "Out", "into", "over", "through", "by", "down", "late", "low". Neno dogo hilo ndilo hubadilisha kila kitu, kwa hiyo limepewa hatua yake hapo mbele.

Jaribu maswali hayo kwa picha ya nyumbani. Kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vya Kibosho, Old Moshi au Marangu kuna mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na wazee kuteremsha maji ya mlima hadi migombani. Mgeni anaweza kusimama hapo na kusema "The furrow runs along the slope", kisha "Water runs in it twice a week", kisha "Who runs it?" La kwanza ni njia: mfereji unapita ubavuni mwa kilima. La pili ni maji: yanatiririka. La tatu lina kitu baada yake: nani anausimamia, nani anapanga zamu. Mahali ni pamoja, mfereji ni mmoja, majibu ni matatu. Ukiyapata yote matatu bila kukwama, umeshaelewa mfumo.

Hatua ya tano: panga maana kwa sehemu ya kazi

Barabarani. Dereva na wakala wa tiketi wataulizwa "Do the buses run on Sundays?" au "How often do they run?" Wanauliza kama mabasi yapo siku hiyo na yanatoka kila baada ya muda gani. Mwendo kasi haumo. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, hivyo "Is the train running?" ni swali unaloweza kuulizwa, mgeni anataka kujua kama huduma ipo. Kuhusu njia, unaweza kueleza hivi: "The road runs from Arusha through Usa River and Boma Ng'ombe to Moshi, then on to Himo." Sentensi kama hii inafaa sana kwa dereva, kwa sababu inamfanya mgeni aione ramani kabla ya safari.

Mwingereza anaweza kusema "Could you run me to the airport?" Hapo anaomba umpeleke kwa gari, na kwa kawaida anafikiria safari fupi. Kwa kuwa wanaosema hivyo mara nyingi wamezoea kuombana fadhila na marafiki, taja bei palepale kwa upole, kabla hajaingia garini. "Leave the engine running" maana yake usizime injini. "I have to make a quick run to the bank" ni kwenda benki mara moja na kurudi, usimwache, msubiri.

Hotelini na dukani. Mmarekani anaweza kuuliza bei kwa neno hili: "What do your rooms usually run?" Jibu lake ni kiasi cha fedha. Ukimjibu saa za kufungua mapokezi, atakuona hukumsikia. "Rooms run about sixty dollars" ni kusema vyumba vinafika kama dola sitini. "The offer runs until Friday" ni ofa inayodumu hadi Ijumaa. "The generator is running" ni jenereta limewashwa na linafanya kazi, sentensi ya kuwa nayo tayari umeme ukikatika. Choo kinachoendelea kutoa maji baada ya kuvutwa nacho "keeps running", na hilo ni la kumwita fundi bomba, kwa sababu mgeni halali na bili ya maji inapanda.

Kwa wauza batiki na vitenge, swali kubwa ni "Will the colours run?" Anauliza kama rangi inachuja. Ukijibu "No, it cannot run, it is a cloth", mteja atacheka, ataweka nguo chini na kuondoka. Ikiwa haichuji, sema "No, the colours don't run." Ikiwa inachuja kidogo mara ya kwanza, mwambie kweli: "It may run a little in the first wash. Wash it alone, in cold water." Mteja aliyeambiwa ukweli hununua kwa imani. Dobi naye alijue swali hilo kabla hajachanganya fulana nyeupe za mgeni na shuka nyekundu la Kimasai.

Katika mazungumzo ya kawaida. "It runs in the family" ni jambo la ukoo, kama kipaji, urefu au ugonjwa wa kurithi. "My watch runs fast" ni saa inayokwenda mbele. "He ran for president" ni kugombea urais. Wamarekani ndio husema hivyo, Waingereza huzoea "stand". "In the long run" ni hatimaye, baada ya muda mrefu. "A trial run" ni jaribio kabla ya kazi yenyewe. Na "fun run" ni mbio fupi za kujifurahisha, kama zile za kilomita 5 zinazokwenda pamoja na Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003 na ambazo kila mwaka hujaza mji wetu wageni. Hapo, angalau, watu wanakimbia kweli.

Hatua ya sita: mlimani, ambako kutoelewa ni hatari

Hapa nakaa kwa muda, kwa sababu hotelini ukikosea unapoteza mteja, lakini mlimani unaweza kumpoteza mtu.

Mgeni anaposema "I've got the runs", anaharisha. Wengine huona haya na kusema kwa sauti ndogo, au hutumia "the trots", neno jingine la kuficha aibu. Kama mpagazi, mhudumu wa hema au mpishi ndiye aliyesikia kwanza, amwambie kiongozi wa safari hapohapo, wala asisubiri chakula cha jioni. Mtu anayeharisha anapoteza maji, na huko juu mwili tayari unapoteza maji mengi kwa kupumua hewa kavu. Maswali ya kuuliza ni mafupi: "Since when?", "How many times?", "Is there any blood?", "Are you drinking?"

Sisi huku Afrika Mashariki tumezoea kusema "running stomach". Mkenya au Mganda atakuelewa, lakini Mwingereza au Mmarekani anaweza asikuelewe kabisa. Tumia "diarrhoea" ukiwa na daktari au kiongozi, na "upset stomach" ukizungumza na mgeni kwa upole. "Upset stomach" hata hivyo inaweza kuwa kichefuchefu tu, kwa hiyo usiache kuuliza swali la pili.

"I have a runny nose" ni mafua, kamasi nyepesi zinatoka. Baridi peke yake huleta hali hiyo na mara nyingi si kitu kikubwa. "I'm running a temperature" ni homa. Hiyo ichukuliwe kwa uzito. "I feel run down" ni mwili kulegea na kukosa nguvu. Usiichukulie kama uchovu wa kawaida bila kuuliza zaidi, maana ugonjwa wa mwinuko huanza kwa lugha kama hiyo, ukiambatana na kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Na akikosa pumzi hata akiwa ameketi, au akianza kuyumba na kuchanganyikiwa, hapo msamiati umekwisha kazi yake: anashushwa.

Kuna jozi moja ambayo ningependa kila mwenye leseni ya kuongoza wageni aishike kama anavyoshika njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro. "We are running out of water" maana yake maji yanaelekea kuisha, bado yapo. "We have run out of water" maana yake yameisha. Wengi wetu husema ya kwanza tukimaanisha ya pili. Mgeni anayesikia "running out" anajua kuna akiba ndogo, anakunywa kwa kiasi na kuendelea. Lakini chupa ni tupu. Kwenye njia ya Machame hili lina uzito wa pekee, kwa sababu bonde la Karanga ndilo mahali pa mwisho penye maji ya kuchota. Kambi ya Barafu haina, na maji yake hubebwa na wapagazi kutoka chini. Mpangilio sahihi wa maneno jioni hiyo ni huu: "There is no running water at Barafu. Our porters carry it from Karanga. Please tell us before you run out." Sentensi ya kwanza ina maji yanayotiririka, ya mwisho ina kuishiwa, na mgeni anazielewa zote bila shaka yoyote.

Kati ya hizo mbili ipo "running low", yaani kinapungua: "My battery is running low", "We're running low on gas." Hii ni ishara nzuri ya mapema, itumie kabla mambo hayajafika pabaya. Kumbuka tu kuwa Mmarekani akisema "gas" akiwa garini anamaanisha petroli, na mpishi akisema hivyo jikoni anamaanisha mtungi.

Hatua ya saba: yashike maneno madogo

"Run out of" tumeshaimaliza: kuishiwa. Inakwenda na maji, pesa, chaji, muda, hata subira.

"Run into" ina tatu. Ukimtaja mtu, ni kukutana naye bila kutarajia: "I ran into an old friend at the market." Ukitaja mti au gari, ni kugonga. Ukitaja "problems", ni kukumbana na matatizo. Kinachokuja mbele ndicho kinachoamua.

"Run over" ni kugonga na kukanyaga kwa gari, neno la ajali. Lakini mkutano au kipindi kikisemwa "ran over", kimezidi muda wake. Tofauti hii ni kubwa mno kuachwa kwa kubahatisha. Watu wakizungumzia mtu au mnyama barabarani, ni ajali. Wakizungumzia ratiba, ni muda.

"Run through" ni kupitia jambo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mgeni anayesema "Can you run me through the itinerary?" anataka umweleze ratiba siku kwa siku. Kaa chini, fungua ramani, anza na siku ya kwanza. "Run it by" ni kumweleza mtu jambo kwanza ili asikie na kutoa maoni: "Let me run it by my wife" ni mteja anayetaka kumshauri mkewe kabla ya kulipa. Usimsukume, bado hajakataa.

"Running late" ni kuelekea kuchelewa. Hana haja ya kukimbia, na wala huna haja ya kumkimbiza. Ukiwa wewe ndiye dereva na foleni imekukamata, tuma ujumbe mapema: "I'm running ten minutes late." Wageni wengi husamehe kuchelewa kulikotajwa kuliko kungoja gizani.

"Run down" ikihusu betri ni kwisha chaji, ikihusu jengo ni kuchakaa, ikihusu mtu ni kulegea kama tulivyoona. "Run up a bill" ni kulimbikiza deni la kaunta. "Run away" ni kutoroka. "Run across" ni kukutana na kitu kwa bahati. Haya ya mwisho yapite tu masikioni; hayahitaji siku nzima.

Hatua ya nane: weka daftari la sentensi

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Usiandike "run = kukimbia, kutiririka, kusimamia"; orodha hiyo haitakusaidia mgeni akiwa mbele yako. Andika sentensi nzima uliyoisikia, chini yake andika kwa Kiswahili alichotaka mgeni, kisha pembeni andika mahali: garini, kaunta, kambini. Kwa mfano, "The tap in my room won't stop running": bomba la chumbani halifungi, anataka fundi aitwe, hotelini. Sentensi moja kwa siku inatosha kabisa. Ikija ya pili, iandike pia.

Mwisho wa juma funika upande wa Kiswahili na ujisomee kwa sauti. Kisha badilisha mtendaji: ulipoandika bomba, weka mto, ulipoandika hoteli, weka shamba la kahawa. "The Karanga runs down from the mountain." "My uncle runs a coffee farm." Ukiweza kubadilisha na sentensi ikabaki na maana, umeimiliki. Ukiwa na mwenzako wa kazi, fanyeni wawili: mmoja awe mgeni mwenye malalamiko, mwingine ajibu. Wapishi na wapagazi wana saa nyingi za jioni kambini, na mazoezi haya yanafaa sana kuzunguka jiko wakati maji yanachemka.

Hatua ya tisa: usipoelewa, uliza kwa namna inayoleta jibu

Kutikisa kichwa na kusema "yes, yes" ndiko kunakoharibu. Mgeni anadhani ameeleweka, anaondoka, na dakika chache baadaye anarudi akiwa amekasirika. Wala usiulize "What?" peke yake, maana atarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Rudia kipande ulichokishika na umpe chaguo mbili: "Sorry, the shower is running, or it has run out?" Hapo atakujibu kwa uhakika, nawe utakuwa umeonyesha kwamba unasikiliza. Ukikwama kabisa, mwombe akuonyeshe: "Could you show me, please?" Kwa bomba, betri, nguo au ramani, hilo humaliza mjadala mara moja. Kwa tumbo, uliza kwa maneno mengine na mbali na wenzake: "Do you need the toilet often?"

Na wewe unapojibu, una ruhusa ya kulikwepa neno hili. "The bus leaves every hour" ni sawa na "runs every hour". "The water is finished" si nzuri sana kwa sikio la Mwingereza, lakini inaeleweka kuliko "running out" iliyokosewa, bora zaidi sema "There is no more water." Elewa "run" kwa mapana yake yote, lakini tumia kwanza zile sentensi chache ulizo na hakika nazo, kisha ongeza kutoka kwenye daftari kila juma.